Neno Lililobaki kwa Baba

Siku Barafu alipokuja kumposa Kendi, zipu ya gauni ilikataa kupanda. Ilifika katikati ya mgongo ikagoma hapo, na Kendi akajipinda huku na huku mbele ya kioo mpaka shingo ikamuuma. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na mwanamke mwingine wa kumwita. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, na baba yake mdogo, ambaye ni kinyozi, alikuwa sebuleni akipanga viti kwa uso wa mtu anayesubiri wadai. Basi akaenda chumba cha pili, akapiga magoti kando ya kitanda, akampa baba yake mgongo.

"Baba, nisaidie. Polepole, isije ikafumuka."

Mkono wa kushoto wa mzee, ambao ndio pekee uliobaki mzima, ukapapasa, ukaipata zipu, ukaipandisha mpaka juu kwa mvuto mmoja. Nguvu za kuvuta sukari ya kutengenezea pipi, kazi yake ya zamani, hazikuwa zimetoka kwenye mkono ule.

"Kendi," mzee akasema.

Hiyo ilikuwa na maana kwamba amependeza. Kendi alijua kwa sababu sauti ilipanda kidogo mwishoni, na upande mmoja wa mdomo ukajaribu kucheka. Akambusu kwenye paji la uso, akatoka haraka kabla machozi hayajaharibu wanja.

Neno hilo, kendi, mzee alilitoa kwenye kiwanda cha pipi alikojifunza kazi ujanani. Makopo ya huko yaliandikwa kwa Kiingereza, na yeye katika Kiingereza chote alichukua hilo moja, likamtosha. Alipofungua duka lake, watu wakisema pipi aliwasahihisha. "Pipi ni kitu cha kumnyamazishia mtoto. Mimi natengeneza kendi." Za tangawizi zilikuwa kendi, za limau kendi, hata zile zilizoharibika zikarudi kuwa chengachenga za sukari aliziita kendi zilizokasirika. Sukari iliyochemshwa ilipofikia kuvutwa alipiga kelele kutoka chumba cha nyuma, "Kendi!" na yeyote aliyekuwa karibu ilibidi aache alichoshika, apake mafuta mikononi, aje ashike upande wa pili, kwa sababu sukari ikishaiva haimsubiri mtu. Mtoto wa kike alipozaliwa, naye akawa Kendi. Jina lake la kweli likabaki kuwa la shuleni na hospitalini. Vijana wa pembeni ya barabara nao walikuwa na kendi yao, ile waliyoiita kwa sauti ya puani binti anapopita, na hiyo Kendi aliichukia mpaka kesho.

Halafu kiharusi kikaja asubihi moja, mzee akiwa anadondosha sukari ya moto kwenye maji baridi kuona kama imeiva. Kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote, kikasahau moja. Daktari alisema hutokea hivyo, na mgonjwa hachagui neno la kubaki nalo.

Kendi ndiye aliyejifunza lugha hiyo mpya. Kendi fupi ya kukatwa ilikuwa maji. Mbili za harakaharaka zilikuwa maumivu. Ndefu yenye mkwaruzo ilimaanisha ageuzwe. Na ilikuwepo moja ya chini kabisa, karibu haisikiki, ambayo mzee aliisema kila Kendi alipoelekea mlangoni. Hiyo ilikuwa usiondoke. Baba mdogo alijitahidi naye, maskini, lakini siku moja mzee aliomba maji akaletewa redio, na siku nyingine alitaka kugeuzwa, akanyolewa ndevu.

Hodi ikapigwa mlango wa nyuma, si wa mbele. Kendi alijua ni nani.

Barafu alikuwa amesimama kwenye chumba cha nyuma cha kazi, kando ya meza ya jiwe, suruali imepigwa pasi mpaka inatisha. Jina hilo alipewa na mzee, kwa kuwa kijana alikuwa fundi wa friji. Alikuja mara ya kwanza kutengeneza friji ya dukani, na mzee, ambaye sukari yake ilikuwa imeiva na hana msaidizi, akamkamata pale pale akamtia mafuta mikononi. "Shika huku, na usiachie mpaka niseme haya." Ndiyo ilikuwa sheria ya chumba kile. Anayeita ndiye anayeruhusu. Katikati ya kazi akaingia mteja, mzee akaanza soga, akasahau kusema. Kijana wa watu akaendelea kushika, sukari ikimuunguza viganja, macho yakimtoka. Kendi alirudi sokoni akamkuta hivyo. Alipomwuliza kwa nini asiachie, alijibu, "Hajasema haya." Mzee alicheka wiki nzima. Kuanzia hapo friji ile ikawa inakaguliwa kila wiki, na haikuwa na ugonjwa wowote.

"Mbona umepitia nyuma?" Kendi akauliza. "Shangazi yako yuko wapi?"

"Mbele. Nimemwambia ahesabu mpaka apumue vizuri, ndipo apige hodi." Akamwangalia, kisha akaangalia chini, kisha akamwangalia tena. "Wewe."

"Nini?"

"Hakuna. Wewe tu."

Tangu mzee augue, Barafu hakuwahi kumwita binti kwa jina la Kendi. Siku moja binti alimnunia kwa hilo, akidhani mapenzi yamepoa. Akamjibu taratibu, "Neno hilo sasa ni la mzee. Nikilichukua mimi, yeye atabaki na nini?" Siku hiyo ndiyo Kendi alijua kwamba huyu mtu amemmaliza.

"Gari la kampuni linaondoka kesho alfajiri kwenda bandarini," Barafu akasema. "Nimewaomba wanisubiri wiki moja, wamekataa. Meli haziwezi kukaa na friji mbovu, samaki wataoza."

"Na chumba watakachokupa?"

"Kitanda cha juu. Chini analala mtu mwingine." Akajaribu kucheka. "Nitatafuta nyumba. Nikishapata nitakuja kuwachukua wote wawili. Lakini nataka niende nikiwa na neno. Nikienda bila neno, wewe, baba yako mdogo atakupa mtu mwingine kabla sijafungua begi."

"Hana mtu wa kunipa."

"Atapatikana. Ulivyovaa hivyo, atapatikana hata leo."

Kendi akanyoosha kola ya shati la Barafu ingawa haikuwa imekunjamana. Mikono ikabaki hapo muda mrefu kuliko kola ilivyohitaji. Alitamani aseme usiende, na alijua hana haki. Kijana alikaa bila kazi tangu karakana yao ifungwe, na baba mdogo mwenyewe ndiye aliyetamka kwamba mtu asiye na kazi asije kupoteza muda wa watu. Sasa kazi imepatikana, na imekuja na umbali wake.

"Ninaogopa," Kendi akasema.

"Hata mimi. Twende."

Shangazi wa Barafu alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye sindano mbili zimechomekwa kwenye kola hata siku ya posa. Alikaa, akasifu mapazia, akatazama mshono wa mto wa kiti akauonea huruma, kisha akaingia kazini.

"Ndugu yangu, sisi hatuna maneno mengi. Kijana wetu amemwona binti yenu, moyo umetulia. Kazi anayo. Tabia mnaijua nyinyi kuliko mimi, maana tangu mwaka juzi anashinda hapa. Nguo zake tu ndizo zinarudi kwangu, zinanuka sukari."

Baba mdogo hakucheka. "Kazi iko wapi?"

"Bandarini. Ufundi wa friji za meli," Barafu akajibu.

"Mbali."

"Ndiyo, mzee wangu, mbali kidogo."

"Mbali kidogo ni wapi? Kama ni mbali, ni mbali."

"Mzee wangu, ulisema sina kazi. Nimepata. Sasa unasema iko mbali."

"Na kweli iko mbali!" Baba mdogo akapandisha sauti, halafu akaishusha mwenyewe. Akajishika magoti. Ilionekana alikuwa amejiandaa na hotuba, na hotuba imempotea. "Kijana, mimi sina ubaya na wewe. Nywele zako nakata mimi, kichwa chako nakijua. Lakini yule aliyelala mle ndani ni kaka yangu. Tumelala kitanda kimoja utotoni, tumegombania shuka moja. Na leo simwelewi. Ananiita, nasimama pale kama gogo. Huyu binti akiondoka, nitabaki na mtu ananiita usiku na mchana, na mimi sijui ananiitia nini. Unajua uchungu wa hilo?"

Kendi alikuwa amejiandaa kumkasirikia baba yake mdogo, akakuta hasira haipo.

"Tutamchukua mzee," Barafu akasema kwa sauti ndogo. "Nikipata nyumba."

"Ukipata. Na daktari amekataza asisafirishwe. Hilo umesahau?"

Shangazi akaona mambo yanaelekea shimoni. "Basi, ndugu yangu, mwenye binti si yupo hai? Tumwulize mwenyewe. Akikubali, tumekubaliwa. Akikataa, nitamchukua huyu nikamlishe chakula alale."

"Tumwulize," baba mdogo akasema. "Lakini atakayetueleza jibu ni nani?"

Wote wakamgeukia Kendi.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye ninayemwelewa."

"Akiomba maji, ndiyo. Akiumwa, ndiyo, nakuamini mia kwa mia. Ila kwa hili, mwanangu, kesi ni yako. Utakuwa mshitakiwa na hakimu na mtu wa kutafsiri?"

"Baba mdogo, nitadanganya juu ya baba yangu?"

Baba mdogo akamtazama. "Hapana," akasema mwishowe, kwa uchovu. "Hutadanganya. Utakachosema, nitakichukua. Mungu anisamehe."

Ingekuwa heri angebisha. Kendi alihisi mzigo wote ukimwangukia mabegani, na hapakuwa na mtu wa kusaidiana naye.

Wakaingia chumbani kwa mzee wakajipanga kama watu wa kupigwa picha. Mzee alikuwa ameinuliwa kwa mito, uso umeelekea upande wa dirisha, kwenye kigoda cha Kendi, kwa sababu shingo haikugeuka vizuri upande mwingine. Kendi akakaa pale pale alipozoea. Barafu akasimama nyuma yake. Baba mdogo akaenda miguuni, akavua kofia.

"Kaka," akaanza, akikohoa. "Huyu kijana wako wa friji amekuja kwa heshima na shangazi yake. Anamtaka mtoto. Kesho anasafiri kwenda kazini, mbali, bandarini. Akipewa mtoto, siku moja atakuja kumchukua. Tunakuuliza wewe. Unasemaje?"

Mzee alisikia. Macho yake yalitoka kwa mdogo wake, yakaja taratibu upande wa dirisha. Kifua kikapanda, kikashuka. Midomo ikahangaika, na kwa muda Kendi alidhani, kama alivyodhani kila siku tangu ugonjwa uanze, kwamba leo litatoka neno jingine.

"Kendi," mzee akasema.

Ilikuwa ile ya chini kabisa. Ile ya mlangoni.

Akairudia, na safari hii sauti ilitetemeka. "Kendi."

Usiondoke. Kendi aliisikia vizuri kama mtu anayeitwa kwa jina barabarani. Nyuma yake Barafu alikuwa ameacha kupumua. Angeweza kusema lolote. Baba mdogo ameshaahidi kulichukua, shangazi hajui chochote, na mzee hana namna ya kumkanusha maisha yake yote. Neno moja tu, amekubali, na mwanamume huyu ni wake. Akafungua mdomo kulisema. Akamwona baba yake, jicho moja limejaa maji, anangoja atafsiriwe kwa haki. Hana mtu mwingine duniani wa kumfikishia ujumbe.

"Anasemaje?" baba mdogo akauliza.

"Anasema..." Kendi akamgeukia baba mdogo. "Anasema nisiondoke."

"Una hakika?" Shangazi akaruka. "Hebu muulize tena! Mgonjwa anaweza kusema hivi akimaanisha vile. Mimi mwenyewe nikiwa na njaa nasema ndiyo kwa kila kitu."

"Nina hakika, shangazi."

Baba mdogo alikuwa ameshinda, lakini ungemwona usingejua. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaigeuzageuza kofia yake. Kendi hakuthubutu kugeuka nyuma. Alihisi mkono wa Barafu ukitua begani pake, mzito, ukakaa hapo kidogo, ukaondoka.

"Umesema kweli," Barafu akamwambia. Sauti ilikuwa imekauka. "Ungesema vingine ningeona usoni mwako. Tungeishi vibaya na uongo huo."

"Nisamehe."

"Wewe hujanikosea kitu."

"Nitangoja. Hata kama ni..."

"Usiseme. Ukisema nitashindwa kutoka."

Barafu akapita mbele yake, akainama kitandani kumuaga mzee kwa heshima, kama mtoto anavyomuaga mzazi. "Mzee wangu, nakwenda. Friji nimeiangalia, iko salama. Ikianza kulia usiku, ipigwe kidogo ubavuni, basi." "Kwaheri, baba."

Alipotaka kuinuka, hakuweza. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa umemkamata kifundo cha mkono.

"Kendi," mzee akasema, kwa sauti ile ile ya chini, akimtazama Barafu usoni.

Barafu akajaribu kujitoa kwa upole. Mkono ukakaza. Kisha ukaanza kuvuta. Ulivuta taratibu, ukikunja kiwiko kurudi kifuani, ukalegeza kidogo, ukavuta tena, na bega la mzee likaegemea nyuma kwenye mito kama lilivyokuwa likiegemea ukutani, chumba cha nyuma, sukari ikiwa moto na inaanza kung'aa. Kendi alikuwa ameona mvuto ule tangu hajajua kutembea. Ulihitaji mtu wa pili.

Akasimama.

"Nimekosea," akasema.

"Umekosea nini?" baba mdogo akauliza.

"Nilidhani ananiambia mimi. Siku zote ananiambia mimi, nikienda mlangoni. Alikuwa anatazama huku, na mimi ndiye ninayekaa huku..." Akageuka kuonyesha. Nyuma ya kigoda, pale aliposimama Barafu muda wote, palikuwa patupu. "Alikuwa anamwambia yeye. Yeye ndiye asiondoke."

"Usianze kugeuza maneno, mwanangu. Nimekwambia nitachukua utakachosema, nimeshakichukua."

"Basi usinisikilize mimi, baba mdogo. Mwangalie."

Kinyozi akaangalia. Aliona mkono wa kaka yake, mishipa imesimama, ukivuta na kulegeza, na uso wa kaka yake ambao hakuuona hivyo tangu ugonjwa uanze. Alimtazama kaka yake bila kumwuliza mtu yeyote anataka nini. Kofia ikamponyoka ikaanguka chini, hakuiokota.

"Kumbe anamtaka," akasema polepole. "Kaka, kumbe unamtaka."

"Kendi," mzee akasema.

Shangazi alikuwa tayari analia, akijifuta kwa ukingo wa kitenge na kujichoma na sindano zake mwenyewe. "Sasa itakuwaje? Gari kesho. Akilikosa gari, kazi wanampa mwingine, na akikosa kazi mtamkataa tena. Na huyu baba anamtaka hapa, na daktari hataki huyu baba asafirishwe. Jamani, kuna mtu ana akili hapa anieleze?"

Jambo lilikuwa limeeleweka na watu wote mle chumbani, na kueleweka kwake hakukufungua mlango wowote.

"Mwambie amwachie kwanza," baba mdogo akamwambia Kendi kwa upole. "Mtoto wa watu ana safari. Amwachie, tukae, tuzungumze."

Kendi akamtazama Barafu. Barafu alikuwa bado ameinama, mgongo bila shaka unamuuma, machozi yakimdondoka juu ya shuka, na hakujaribu tena kujitoa.

"Hawezi kumwachia," Kendi akasema. "Mpaka aseme haya. Na haya hana."

Barafu akalisikia hilo, akatikisa kichwa kukubali. Akaugeuza mkono wake taratibu ndani ya ule wa mzee, akamshika naye kifundo, kama alivyofundishwa siku ile ya kwanza, kidole gumba juu na vingine chini. Akapiga magoti kando ya kitanda ili avute vizuri. Mzee akavuta, yeye akalegeza. Yeye akavuta, mzee akalegeza.

"Gari, mwanangu," shangazi akanong'ona.

"Nimekusikia, shangazi," Barafu akasema, na hakuachia.